Je, Nina Nafasi? Namna ya Kupima Uwezekano wa Kudahiliwa katika Shule za Biashara Zenye Ushindani Mkubwa

Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam, kijana wa miaka 28 anayefanya kazi katika kampuni ya kupakua na kusafirisha mizigo, aliniletea mwezi uliopita karatasi aliyokuwa ameichapa kutoka kwenye kikokotoo cha intaneti. Karatasi ile ilimweleza kwamba uwezekano wake wa kudahiliwa Harvard ni asilimia 9, Stanford asilimia 4, na INSEAD asilimia 31. Alitaka kujua jambo moja tu: alipe ada ya maombi, au aache? Nilipomuuliza kikokotoo kilimuuliza nini hata kikafikia namba hizo, alinijibu kwamba alijaza GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo kikuu, alama alizopata katika jaribio la GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, miaka yake ya kazi na uraia wake. GPA yake ni 4.1 kati ya 5. Kikokotoo kiliigeuza kuwa 3.28 kati ya 4, kikamhesabu hivyo.

Namwandikia yeye na wengi walio kama yeye, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, ambao kila mwaka misimu ya maombi inapofunguliwa huulizana swali hilohilo, kisha wengine hukata tamaa bila sababu na wengine hupata matumaini bila msingi.

Chanzo cha mkanganyiko huu, kwa maoni yangu, kiko katika namna tulivyolelewa na mifumo yetu ya udahili. Tanzania, anayeomba shahada ya kwanza huhesabiwa pointi za masomo yake ya kidato cha sita, A ikiwa 5, B ikiwa 4, hadi E ambayo ni 1, na mwongozo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, humwambia waziwazi kozi anayoitaka inahitaji nini. Kenya, KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hukokotoa pointi za mwanafunzi kwa kufuata masomo yanayohusiana na kozi, na wazazi kwa wana huangalia mwaka uliopita kozi ya udaktari au ya sheria ilikomea pointi ngapi. Katika mifumo hiyo swali la "nina nafasi?" lina jibu la hesabu: pointi zako zikivuka mstari umepita, zisipovuka umekosa. Tunapofika kwenye shule kubwa za biashara duniani tunaendelea kuutafuta mstari ule ule, na kikokotoo cha intaneti hutuuzia mstari usiokuwapo.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu maneno machache. MBA ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambayo katika shule hizi husomwa na mtu aliyekwisha kufanya kazi, kwa kawaida miaka 5 hivi. Katika shule nyingi za Marekani huchukua miaka 2. Oxford na Cambridge huchukua mwaka 1. INSEAD, yenye kampasi Fontainebleau nchini Ufaransa, Singapore na Abu Dhabi, huikamilisha kwa miezi 10. Huhitaji kuwa umesomea biashara, kwa maana madarasa hayo yamejaa wahandisi, walimu, wanajeshi na madaktari. Kiwango cha udahili ni sehemu ya waombaji wote ambao shule iliwakubali. Harvard katika miaka ya karibuni imekuwa ikipokea maombi kati ya 8,000 na 10,000 kwa darasa la watu wapatao 930, na Stanford maombi kati ya 6,000 na 7,500 kwa darasa la watu wapatao 430. Kwa kuwa baadhi ya waliokubaliwa huenda kwingine, shule hukubali watu zaidi kidogo ya viti ilivyo navyo, na ndiyo maana kiwango cha Harvard huwa takriban asilimia 10 hadi 14, na cha Stanford asilimia 6 hadi 9.

Asilimia hiyo ni ya umati wote, nayo haimhusu mtu mmoja. Mkulima wa Dodoma akiambiwa wastani wa mvua ya nchi nzima hatajua apande nini, kwa sababu kwake mvua ya mwaka haifiki milimita 600 ilhali Bukoba inakaribia 2,000. Ndani ya maombi yale 9,000 wamo watu ambao uwezekano wao hauko mbali na sifuri, kwa kuwa walijaza fomu kwa pupa au hawakuelewa shule inataka nini, na wamo wachache ambao karibu kila shule wanayoiomba huwataka. Anayejipa asilimia 10 kwa sababu tu shule inakubali asilimia 10 amejipimia mvua ya Bukoba akiwa Dodoma, au kinyume chake.

Kuna kosa la pili la hesabu, ambalo huwagharimu watu fedha. Mtu husema: kila shule inakubali mmoja kati ya kumi, basi nikiomba shule kumi nitapata moja. Hata kama kila ombi lingekuwa bahati nasibu inayojitegemea, maombi kumi ya namna hiyo yangekupa uwezekano wa takriban asilimia 65 wa kupata angalau shule moja, na hiyo bado si hakika. Lakini maombi hayajitegemei. Insha zako, wadhamini wako na historia yako ya kazi ni zilezile, na udhaifu ulioonwa na shule ya kwanza utaonwa na ya tisa pia. Mvuvi mwenye wavu uliotoboka akiutupa mara kumi katika sehemu kumi za bahari, samaki watapita katika tundu lilelile.

Kizingiti

Maamuzi ya udahili katika shule hizi hupita katika hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Hatua ya kwanza ni kizingiti: je, mtu huyu ataweza masomo? Hapo ndipo GPA na mitihani hufanya kazi yake. Hatua ya pili ni uteuzi: kati ya hawa wote wanaoweza, tumchukue nani? Hapo namba hunyamaza kwa kiasi kikubwa.

Tuanze na GPA, kwa kuwa huku ndiko vijana wetu wanakojidhulumu zaidi. Katika vyuo vikuu vya Tanzania kipimo kinafika 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na daraja la pili la juu huanzia 3.5 hadi 4.3. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A huanzia alama 70 kati ya 100. Makerere nao wana kipimo cha 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4 vilevile. Vyuo vingi vya Kenya humpa mhitimu daraja pasipo GPA kabisa. Kuichukua 4.1 na kuigeuza 3.28 kwa kugawanya na kuzidisha ni hesabu sahihi isiyo na maana yoyote, kwa sababu 3.28 ikisomwa Marekani, ambako vyuo vingi hutoa A kwa wingi, itaonekana ya mwanafunzi wa kawaida tu, ilhali nyumbani 4.1 ni ya mtu aliyekuwa miongoni mwa wazuri wa darasa lake. Shule zenyewe zinalijua hilo. Stanford, kwa mfano, humwelekeza mwombaji aandike alama kama zilivyo kwenye transkripti bila kuzigeuza, na wasomaji wa mafaili huzilinganisha na za wengine waliotoka katika mfumo huohuo. Mhasibu wangu, mwenye daraja la pili la juu, hakuwa na tatizo mahali alipodhani analo.

GMAT nayo imeleta mkanganyiko wake. Mtihani wa zamani, uliofanywa kwa mara ya mwisho Januari 2024, ulipimwa kwa alama 200 hadi 800. Mtihani wa sasa hupimwa kwa 205 hadi 805, na alama 645 za leo zinalingana takriban na 700 za zamani. Aliyezipata amewapita zaidi ya watu 85 katika kila 100 wanaoufanya. Nimekutana na watu waliosoma kwamba alama ya katikati ya darasa la Harvard ilikuwa 730 au 740, wakalinganisha na 645 yao ya mtihani mpya, wakaahirisha ndoto kwa miaka. Njia rahisi ya kutofautisha ni tarakimu ya mwisho: alama zote za mtihani mpya huishia na 5, za zamani ziliishia na 0. Anayeona hesabu zinamlemea anaweza kufanya GRE, mtihani mwingine wa kuombea shahada za uzamili, badala yake, na karibu shule zote hizi huipokea bila upendeleo. Matokeo ya mitihani hiyo miwili hudumu miaka 5, kwa hiyo si lazima kuufanya mwaka uleule wa maombi. Na kwa kuwa kila jaribio hugharimu zaidi ya dola 200, ni busara kuufanya mtu akiwa tayari.

Hata alama hizo zikisomwa vizuri, ni lazima kuelewa "alama ya katikati" ni nini. Wapange waliodahiliwa kwa mstari kuanzia mwenye alama ndogo hadi mwenye kubwa, kisha umguse aliyesimama katikati: alama yake ndiyo hiyo. Maana yake nusu ya waliodahiliwa walikuwa chini yake. Shule nyingine hutangaza mpaka wa asilimia 80 ya katikati, yaani huondoa sehemu ya kumi ya chini na sehemu ya kumi ya juu kisha hutaja waliobaki wanaanzia wapi na kuishia wapi, na hapo pia mmoja katika kila kumi yumo darasani akiwa na alama ndogo kuliko mpaka huo. Tena takwimu hizi huwaeleza waliokubaliwa tu. Hazisemi ni wangapi walikuwa na alama kubwa zaidi wakakataliwa, nao si wachache. Kwa hiyo alama iliyo ndani ya mpaka inakwambia kwamba mlango haujafungwa kwa sababu hiyo, na alama iliyo chini sana inakwambia uongeze ushahidi mwingine wa kuweza hesabu, iwe ni masomo ya takwimu uliyofaulu, cheti cha uhasibu cha CPA, au kazi yenyewe inayoonyesha kwamba unaishi na namba kila siku.

Kikosi

Kocha anayeteua wachezaji 25 wa kikosi haangalii ni nani 25 wanaokimbia mbio kuliko wote. Mazoezi ya mbio huwaondoa wasiokuwa na pumzi; baada ya hapo anatafuta makipa watatu, mabeki, viungo na washambuliaji, na kipa wa nne, hata awe hodari namna gani, hurudi nyumbani. Kamati ya udahili hujenga darasa kwa namna hiyohiyo, kwa sababu mafunzo ya shule hizi hutegemea sana wanafunzi kufundishana kwa mjadala. Darasa lenye watu 900 wa benki za New York lingekuwa darasa maskini.

Hili ndilo linaloeleza kwa nini swali la uraia lina majibu mawili yanayopingana mitaani. Wengine husema Mwafrika hupokewa kirahisi kwa kuwa shule zinatafuta mchanganyiko. Wengine husema hawatutaki. Ukweli, kadiri ninavyouona, ni kwamba mwombaji hulinganishwa kwanza na wale wanaofanana naye. Mtanzania aliyefanya kazi katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, kisha akaomba kwa hadithi ya kutaka kuhamia ushauri wa kibiashara, analinganishwa na Wakenya, Wanaijeria na Waafrika Kusini wenye hadithi hiyohiyo kutoka kampuni hizohizo, na hao ni wengi. Mtu aliyesimamia ghala la korosho Mtwara, au aliyepanga ratiba za malori ya Bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, huenda akawa peke yake katika rundo zima. Uraia haukupi kiti. Ulichokiona kwa sababu ya mahali ulipoishi na kufanya kazi ndicho kinachoweza kukipata.

Mhasibu wangu alikuwa ameandika katika rasimu ya insha yake kwamba ana "ari ya uongozi na shauku ya kuleta mabadiliko barani Afrika". Nilimwomba anieleze siku moja ngumu kazini. Akanisimulia jinsi alivyogundua kwamba kampuni yao ilikuwa inalipa gharama za kuchelewesha makontena kwa sababu karatasi za forodha zilikaa siku tatu kwenye meza moja, na jinsi alivyowashawishi watu wa idara mbili zisizosemezana wakae chumba kimoja. Simulizi hiyo haikuwamo popote katika maombi yake, wala kikokotoo hakikumuuliza. Stanford kwa miaka mingi imewauliza waombaji ni jambo gani lina umuhimu mkubwa kuliko yote kwao, na kwa nini. Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa maneno ambayo mwombaji yeyote wa bara zima angeweza kuyatia sahihi.

Barua ya mheshimiwa

Jambo linaloharibu mafaili ya Afrika Mashariki kuliko alama, nathubutu kusema, ni barua za wadhamini, nami nalizungumzia kwa uchungu kwa sababu ni kosa linalotokana na heshima zetu wenyewe. Tumezoea kwamba barua hupata uzito kutoka kwa cheo cha aliyeitia sahihi. Kwa hiyo mwombaji humtafuta mbunge, katibu mkuu au mkurugenzi anayefahamiana na familia, ambaye huandika mistari minane ya kumsifu kijana mwenye nidhamu na bidii. Shule hazitaki hivyo. Nyingi huomba wadhamini wawili, na husema wazi kwamba angalau mmoja awe msimamizi wa karibu wa kazi. Fomu wanayojaza humtaka mdhamini aeleze kasoro muhimu kuliko zote aliyowahi kumrekebisha mwombaji, katika mazingira gani, na mwombaji alilipokeaje rekebisho hilo. Mbunge hawezi kulijibu swali hilo. Meneja wako wa zamu analijua jibu lake.

La pili ni zito zaidi. Wakubwa wengi wa kazi, wakiombwa barua, humjibu kijana: "Andika mwenyewe, nilete nitie sahihi." Hawana nia mbaya; wana shughuli nyingi, na ofisini mambo mengi huenda hivyo. Lakini shule hizi zinakataza, na barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja, zenye misemo inayofanana na ya insha, hutambulika. Anayepima nafasi yake kwa uaminifu ajiulize, kabla ya GPA na kabla ya GMAT, kama anao watu wawili waliomwona akifanya kazi, watakaokubali kukaa saa mbili kila mmoja na kuandika kwa maneno yao. Asipokuwa nao, mwaka mmoja zaidi wa kazi chini ya msimamizi anayemjali utamsaidia kuliko alama 30 za GMAT.

Kudahiliwa na kwenda

Kuna kupata barua ya udahili, na kuna kuketi darasani, na katikati yake iko fedha. Ada peke yake katika Harvard na Stanford imevuka dola 70,000 kwa mwaka, kabla ya chakula, malazi na bima. Shule hizo mbili huamua udahili bila kuangalia uwezo wa mwombaji kulipa, na msaada wa Harvard hutolewa kwa kufuata mahitaji, hivyo mtu mwenye kipato kidogo asiogope kwamba umaskini utahesabiwa dhidi yake. Hata hivyo msaada mara nyingi haufuti gharama yote, na sehemu inayobaki huwa mkopo; zipo kampuni kama Prodigy Finance zinazowakopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini wa mkopo. Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka 2 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka 2, nao una ukomo wa kiasi unachochangia katika ada ya MBA, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa.

Fedha pia ndiyo inayofanya awamu za maombi ziwe muhimu kwetu kuliko kwa Mmarekani. Awamu ya kwanza hufungwa karibu na Septemba, ya pili mapema Januari, na ya tatu, mahali inapokuwapo, karibu na Aprili. Katika awamu ya tatu viti vingi vimejaa, fedha za ufadhili zimepungua, na muda wa kuomba viza ni mfupi. Mwombaji wa kigeni aihesabu kuwa ni ya dharura. Lakini kuomba Septemba kwa faili bovu ili kuwahi hakuna faida kuliko kuomba Januari kwa faili lililokamilika.

Njiani zipo dalili zinazoweza kukuonyesha ulipo kwa uhakika zaidi kuliko kikokotoo. Iliyo kubwa ni kuitwa kwenye usaili. Harvard huwaita wachache tu kati ya waombaji, na aliyeitwa uwezekano wake umesogea karibu na nusu kwa nusu. Asiyeitwa popote baada ya kuomba shule nne au tano ajue kwamba tatizo liko kwenye karatasi, yaani insha, barua au sababu za kuitaka MBA. Anayeitwa kila mahali na kukataliwa baadaye ajue liko katika mazungumzo. Hizo ni tiba mbili tofauti. Na mtu anayekuuzia uhakika wa kudahiliwa, kwa bei yoyote, anauza kitu ambacho hata profesa wa shule yenyewe hana.

Tuliporudi kwenye karatasi ya mhasibu, tuliziacha zile asilimia tatu na kuandika maswali manne pembeni: naweza masomo, na ushahidi uko wapi? Katika watu wanaofanana nami, nimeona nini wasichokiona? Nani aliniona nikifanya kazi? Nikikubaliwa, nani atalipa, na lini lazima nijue? La kwanza alilijibu vizuri. La pili alikuwa na jibu asilolijua. La nne lilimfanya aongeze Oxford, ambayo ni ya mwaka mmoja, na Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo hakuwa ameifikiria kwa sababu hakuna aliyemtajia, ingawa kwa mtu anayetaka kujenga kampuni ya usafirishaji kati ya Dar es Salaam na Kongo, watu atakaokutana nao huko huenda wakamfaa kuliko wa Harvard.

La tatu ndilo lililomkwamisha, kwa kuwa tayari alikuwa amemwomba mjomba wake mwenye cheo kikubwa serikalini, na kumrudia mzee kumweleza kwamba barua yake haihitajiki si jambo jepesi. Alikwenda siku ya Jumapili na mama yake. Wiki iliyofuata alimwomba meneja wa shughuli za bandari, yule aliyewaketisha watu wa idara mbili chumba kimoja pamoja naye. Meneja hakumwambia aandike mwenyewe. Alimwomba ampelekee zile ripoti mbili za makontena, ili akumbuke tarehe, na akamwambia kwamba ana jambo moja la kasoro atakaloliandika. Maombi atayatuma Januari.